Beki Huonekana Akikosea

Mwenye nyumba wangu wa Edmonton alikuwa na kanda moja ya video ambayo hakuwahi kuitazama. Alikuwa mstaafu wa reli, mjukuu wa wahamiaji kutoka Ukraine, na katika chumba cha chini cha nyumba yake, ambamo nilipanga kwa miaka minne nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, kulikuwa na rafu nzima ya kanda za michezo ya Edmonton Oilers ya miaka ya 1980. Kila kanda ilibandikwa karatasi yenye tarehe na matokeo. Moja tu ilikuwa na tarehe bila matokeo: 30 Aprili 1986. Nilipomwuliza mzee kuna nini ndani yake, alinijibu kwa neno moja, "Smith," kisha akapanda ngazi kwenda kuchemsha chai.

Nilikuja kulielewa jibu lile baadaye. Usiku wa tarehe hiyo, Oilers, mabingwa wa Kombe la Stanley wa mwaka 1984 na 1985 na timu iliyoongoza ligi nzima msimu ule, walikuwa wakicheza mchezo wa saba na wa mwisho wa raundi ya pili ya mtoano dhidi ya jirani zao wa Calgary. Matokeo yalikuwa 2–2, dakika ya sita ya kipindi cha tatu. Beki kijana aitwaye Steve Smith alikichukua kisahani nyuma ya goli lake mwenyewe, akainua macho, akajaribu kukipeleka mbele kwa pasi ndefu iliyokatiza mbele ya goli. Kisahani kiligonga mguu wa kipa wake, Grant Fuhr, kikaingia golini. Smith alianguka kifudifudi juu ya barafu. Oilers hawakupata bao jingine, na kombe likaenda kwingine. Siku hiyo Smith alikuwa akitimiza miaka 23.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikiandika kuhusu katiba, ushirika na bei ya mazao, na huenda baadhi yao wakajiuliza mwalimu huyu ametumwa na nani kwenye barafu ya Kanada. Hoki ya barafuni kwetu ni jambo la mbali, ingawa si la mbali kabisa: jijini Nairobi, katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli moja ya Barabara ya Mombasa, kuna vijana wa Kenya wanaoicheza kwa bidii, na mwaka 2018 baadhi yao walipelekwa Kanada kucheza. Lakini sikukusudia kuuelezea mchezo kwa ajili ya mchezo. Nakusudia kueleza historia ya ugomvi mmoja, yaani ugomvi wa mashabiki kuhusu nani ni beki mzuri, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo sisi tunaosoma jamii tunalikwepa: mtu ambaye kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee, tumpime kwa kipimo gani?

Kwa asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungukwa na kuta. Kila upande una wachezaji watano na kipa. Wawili kati ya watano hao ni mabeki, ambao hucheza kwa jozi. Zamu moja haizidi sana dakika moja, kisha mtu hupumzika benchi na jozi nyingine huingia. Kwa usiku mmoja beki hodari hucheza dakika 25 hivi kati ya 60. Kazi yake kubwa ni ya umbali. Anarudi kinyumenyume kwa kasi huku mshambuliaji akimjia, na akimkaribia mno atapitwa, akimwachia nafasi mno atapigiwa. Akiupata umbali ule sawasawa, mshambuliaji hukosa pa kupita, husogea ukutani, hupiga kisahani ovyo kipotelee pembeni, na mchezo huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kweli hakuna kilichotokea. Hapo ndipo ulipo ufundi wake, na hapo ndipo shabiki anapoinama kuchukua soda yake.

Akikosea, lakini, taa nyekundu huwaka nyuma ya goli na watu 17,000 humtazama yeye.

Ligi ya Taifa ya Hoki, maarufu kwa kifupi NHL, ilianzishwa mwaka 1917, lakini ilichukua zaidi ya miaka 35 kabla haijaweka tuzo ya beki bora. Tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1954, kwa Red Kelly wa Detroit, na ilipewa jina la James Norris, mmiliki wa timu hiyo aliyekuwa amefariki miaka miwili nyuma. Naomba msomaji alishike jina hilo.

Mtu aliyeitawala tuzo ile katika miaka yake ya mwanzo alikuwa Doug Harvey wa Montreal, aliyeichukua mara saba kati ya mwaka 1955 na 1962. Harvey hakuwa na haraka. Alikuwa akikaa na kisahani mbele ya goli lake kwa utulivu uliowatia watu kiwewe. Mwanzoni mwa safari yake wapo waliomwona mzembe, asiyejali. Kadiri miaka ilivyopita watazamaji wakaelewa kwamba utulivu ule ulikuwa ndio mchezo wenyewe: alikuwa akiupunguza mwendo wa wote mpaka wenzake wajipange, kisha anatoa pasi. Montreal walitwaa kombe mara sita akiwa nao, mara tano kati ya hizo zikiwa mfululizo, 1956 hadi 1960. Hakuwa mfungaji mkubwa. Waliompigia kura walikuwa waandishi waliokaa uwanjani usiku baada ya usiku, wakimwona kwa macho, bila takwimu yoyote ya maana ya kuwaongoza.

Sasa turudi kwenye jina la tuzo. Mwaka 1957 Harvey alishirikiana na Ted Lindsay wa Detroit kuunda chama cha wachezaji, wakidai kujua hali ya mfuko wao wa pensheni na kupata sauti katika mikataba yao. Wamiliki waliona huo ni uasi. Katika kiangazi cha mwaka huohuo Lindsay aliondolewa Detroit, timu ya Bruce Norris, akapelekwa Chicago, timu dhaifu ambayo mmoja wa wamiliki wake alikuwa James D. Norris, nduguye Bruce. Wote wawili walikuwa watoto wa yule ambaye jina lake limo kwenye tuzo. Chama kilikufa kabla hakijatembea. Harvey alikuwa na thamani kubwa mno uwanjani kuguswa mara moja. Alipelekwa New York mwaka 1961, akaichukua tuzo ya familia ya Norris kwa mara ya saba akiwa huko huko. Mwenyewe aliamini kwamba aliadhibiwa kwa ajili ya chama. Mwaka 1973 alipochaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa hoki hakuhudhuria sherehe. Alipendelea kwenda kuvua samaki.

Nimelikaza jambo hili kwa sababu mashabiki wanapobishana kuhusu beki, mara nyingi hudhani wanabishana kuhusu mchezo peke yake. Anayeamua nani ahesabiwe bora, kwa kipimo kipi, na kipimo hicho kina jina la nani, si mtu asiye na upande. Kabla ya mwaka 1967, chama cha kudumu kilipoundwa hatimaye, mchezaji alikwenda kujadiliana mshahara peke yake, na beki alikwenda akiwa maskini zaidi kuliko wote, maana mshambuliaji angalau alikuwa na mabao ya kuhesabu mezani.

Kisha akaja Bobby Orr, akaharibu mizani yote. Orr wa Boston alikuwa beki asiyekubali kubaki nyuma. Katika msimu wa 1969–70 alipata pointi 120, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, akawa beki wa kwanza kuongoza ligi nzima kwa pointi. Alirudia jambo hilo mwaka 1975. Tuzo ya Norris aliichukua mara nane mfululizo, 1968 hadi 1975, mpaka magoti yake yalipokataa. Karibu na wakati huohuo ligi ilikuwa imeanza kutunza rasmi takwimu ambayo Montreal walikuwa wakiitumia kimyakimya tangu miaka ya 1950: kila timu inapofunga bao, walio uwanjani wanaongezewa moja, inapofungwa, wanapunguziwa moja. Hesabu ya kujumlisha na kutoa. Katika msimu wa 1970–71 Orr alimaliza na jumlisha 124, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo.

Hatimaye beki alikuwa na namba yake. Lakini namba hiyo ilikuwa na kasoro ambayo mtoto wa shule angeiona: Boston walifunga mabao 399 msimu ule, na yeyote aliyesimama karibu na Orr alivuna. Beki mzuri katika timu mbovu alionekana mbovu. Beki wa kawaida akicheza na magwiji alionekana gwiji. Mashabiki waliitumia kwa miongo mitatu hata hivyo, kwa sababu iliandikwa gazetini kila asubuhi. Takwimu iliyopo huishinda takwimu iliyo sahihi ambayo hakuna aliyeiweka.

Urithi mwingine wa Orr ulikuwa mgumu zaidi. Baada yake, beki bora akawa ni beki anayefunga. Mwaka 1984 waliopiga kura walijaribu kuupinga mkondo huo. Paul Coffey wa Edmonton alikuwa amepata pointi 126, mabao 40 ndani yake. Rod Langway wa Washington alikuwa na pointi 33. Tuzo alipewa Langway, kwa mwaka wa pili mfululizo. Hoja yao ilikuwa kwamba Washington hawakuwahi hata kufika hatua ya mtoano kabla hajaja, na tangu alipokuja wakaacha kufungwa ovyo. Mwenye nyumba wangu, baada ya miaka karibu 30, bado aliuita wizi. Aliniambia akinyooshea rafu ile kidole kwamba ukiwa na kisahani wewe, mwenzako hawezi kukufunga, na hakuna ulinzi mkubwa kuliko huo. Nilikuwa mgeni wa mchezo na sikujua la kujibu. Leo ningemjibu kwamba anaweza kuwa sahihi kuhusu Coffey na bado akawa amekosea kuhusu Langway, kwa sababu kura ile haikuwa ya kuwalinganisha watu wawili. Ilikuwa ya kuamua beki ni nani. Coffey aliipata tuzo hiyo mwaka 1985 na 1986. Ubishi wenyewe ulirudi mwaka 2016 karibu neno kwa neno: Erik Karlsson wa Ottawa akiwa na pointi 82, Drew Doughty wa Los Angeles akiwa na 51, na tuzo ikaenda kwa Doughty.

Wapiga kura, hata hivyo, ni watu wachache na silaha yao ni karatasi. Umati una silaha nyingine. Larry Murphy alifika Toronto mwaka 1995 akiwa na makombe mawili aliyoyatwaa Pittsburgh na mshahara mnono. Hakuwa mwepesi, hakuwa mkali, hakumgongesha mtu ukutani ili watu wasimame na kushangilia. Timu ilipoanza kuanguka, watazamaji wa Maple Leaf Gardens walimchagua yeye. Walimzomea kila alipogusa kisahani, hata kama alichofanya nacho kilikuwa sahihi. Machi 1997 Toronto waliamua kumtoa kwa Detroit bila kupata mchezaji yeyote siku hiyo, na wakakubali kuendelea kulipa sehemu ya mshahara wake. Detroit walimweka kando ya Nicklas Lidström. Miezi mitatu baadaye walitwaa kombe, na mwaka 1998 wakalitwaa tena. Murphy aliingia katika Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2004.

Si kwamba watu wa Toronto hawakujua hoki. Pengine hakuna mji unaoijua zaidi. Tatizo ni kwamba walitazama kwa makini kile kinachotazamika: nani amepitwa, nani amepoteza kisahani, nani mzito wa miguu. Na anayekuwa na kisahani kwa muda mrefu ndiye anayekipoteza mara nyingi. Anayekikimbia hakipotezi kamwe. Wapenzi wa Simba na Yanga hawahitaji kufafanuliwa hili. Kila mmoja wetu anaweza kumtaja beki aliyefukuzwa kwa kosa moja la derbi lililorudiwa redioni wiki nzima, na hakuna anayeweza kutaja pasi hamsini alizozikata msimu huohuo.

Mji nilioishi ndio ulioutia ubishi huu katika zama mpya, na ulifanya hivyo kwa sababu ya mateso. Baada ya kufika fainali mwaka 2006, Oilers hawakuiona hatua ya mtoano kwa miaka kumi. Shabiki wa timu inayoshinda hufurahi akalala. Shabiki wa timu inayofungwa hukaa macho akitafuta sababu. Miongoni mwa mashabiki wao alikuwamo Tim Barnes, mchambuzi wa mambo ya fedha mjini Chicago, aliyekuwa akiandika mtandaoni kwa jina la bandia la Vic Ferrari. Barnes alimsikia kiongozi wa timu ya Buffalo akieleza redioni kwamba wao huhesabu mipigo yote inayoelekezwa golini, iliyolenga, iliyokosa na iliyozuiwa, ili wajue mzigo wa makipa wao. Barnes aliichukua hesabu hiyo akaigeuza: chukua mipigo ya timu yako beki fulani akiwa uwanjani, toa mipigo ya wapinzani. Mabao ni machache mno kumpima mtu. Mipigo ni mingi. Akaipa jina la Jim Corsi, kocha wa makipa wa Buffalo, kwa sababu, kama ilivyokuja kuelezwa, aliiona picha yake akapendezwa na masharubu yake.

Hivi ndivyo kipimo kilichobadilisha mishahara ya watu kilivyopata jina.

Nilipofika Edmonton, ubishi ulikuwa umeshagawanya mji. Upande mmoja walikuwa waliosema wanatumia macho, na upande wa pili walikuwa wa Corsi. Mwenye nyumba wangu alikuwa wa macho. Kinyozi wangu, mkimbizi wa zamani kutoka Bukavu ambaye alikuwa amejifunza hoki kupitia wanawe waliozaliwa hapo, alikuwa wa Corsi, na aliitetea kwa Kiswahili cha Kivu kilichonilazimu kukaza masikio. Aliniita "yaya", heshima ya kaka mkubwa kwao. Ilinichukua muda kuacha kucheka, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto. Yeye hakuwa na uwezo wa kununua tiketi. Alifuatilia hesabu kwenye simu kati ya mteja na mteja, na nadhani hilo lilikuwa na maana kuliko nilivyotambua wakati ule. Hesabu ilimpa mtu asiyekuwa na kiti uwanjani, wala babu aliyezaliwa hapo, haki ya kusema kuhusu timu ya mji wake. Mzee wangu alikuwa na miaka 50 ya kutazama. Kinyozi alikuwa na safu za tarakimu, na kwa safu hizo walikuwa sawa.

Beki waliyegombana juu yake kwa mbali, bila kujuana, alikuwa Tom Gilbert. Alikuwa mrefu, mpole, asiyepigana, na umati ulimwona laini. Hesabu zilisema kwamba alipokuwa uwanjani, akikabidhiwa wapinzani wagumu kuliko wote, timu mbovu ile ilipungukiwa ubovu. Tarehe 27 Februari 2012 uongozi ulimbadilisha na Nick Schultz wa Minnesota, beki wa aina ile ambayo macho hupenda: mwenye kujitupa mbele ya kisahani, mwenye kukaa nyuma. Mzee alifurahi. Kinyozi aliniambia, akininyoa, kwamba wamemuuza mtu aliyekuwa akizima moto, kwa sababu hawakuwahi kuuona moto. Oilers hawakuwa bora baada ya hapo. Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimesharudi nyumbani, walimpeleka Jeff Petry Montreal wakapewa haki ya kuchagua vijana tu. Petry alikuwa nguzo huko kwa miaka kadhaa.

Ningetamani kusema kwamba kinyozi alishinda, na katika mambo mengi alishinda. Kiangazi cha 2014 timu mbalimbali za ligi zilianza kuwaajiri watu wa hesabu waliokuwa wakidharauliwa, na Oilers wenyewe wakamwajiri Tyler Dellow, mwanasheria wa Toronto ambaye kwa miaka alikuwa mkosoaji wao mkali. Lakini kisa cha Justin Schultz kinanizuia. Huyu alikuja Edmonton akiwa kijana, na mwaka 2014 kiongozi wa timu alitamka hadharani kwamba ana uwezo wa kufikia tuzo ya Norris. Akapewa kazi ya beki mkuu ambayo hakuiweza. Macho yalisema ni mbovu. Safari hii hesabu nazo zilisema ni mbovu. Mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Februari 2016 alitolewa kwa Pittsburgh kwa bei ndogo, akawekwa katika jozi ya tatu, dakika chache, wapinzani wepesi. Alitwaa kombe mwaka ule, na tena mwaka 2017, msimu ambao alipata pointi 51. Mtu ni yuleyule. Macho na hesabu viliona sawasawa kilichotokea, na vyote viwili vikamtwisha yeye kosa la aliyempangia kazi.

Naandika haya kwa sababu ya kikao. Miezi michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati iliyojadili kupandisha watu vyeo, mahali ambapo sitapataja. Mbele yetu lilikuwepo jalada la mwenzetu mmoja. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akisoma tasnifu za wengine na kukamata makosa kabla hayajafika kwa mtahini wa nje. Ndiye aliyekaa na wanafunzi waliokuwa ukingoni mwa kuacha masomo. Ndiye ambaye ratiba ikigongana alipigiwa simu usiku, na asubuhi ratiba haikugongana. Katika fomu kulikuwa na nafasi ya makala yaliyochapishwa, nafasi ya fedha za utafiti zilizoletwa, nafasi ya mikutano ya kimataifa. Hakukuwa na nafasi ya mambo ambayo hayakuharibika. Tulijumlisha, alama hazikutosha, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja tofauti. Miaka minne nilikaa juu ya zulia la chumba kile cha chini nikisikiliza habari za Langway, Murphy na Gilbert. Sikusema neno. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine, kwa sababu fomu ilikuwa wazi na saa ilikuwa imekwenda.

Jalada litarudi mezani mwakani, na nimeomba kwa maandishi kwamba waliofundishwa naye na waliosahihishwa naye waandike barua ziambatanishwe. Mwenzangu mmoja wa kamati ameniuliza barua hizo zitahesabiwa alama ngapi. Bado sijamjibu.

Ile kanda ya mwaka 1986 niliiona siku chache kabla ya kuondoka Edmonton. Mzee aliiweka mwenyewe bila kuombwa, akakaa kwenye kochi, akaniambia nisimtazame yeye bali nimtazame Smith kabla ya bao. Tuliirudisha nyuma mara kadhaa. Katika sekunde zile Smith anakichukua kisahani nyuma ya goli bila wasiwasi, anainua kichwa, anaona mwenzake yuko huru upande wa pili. Pasi aliyoichagua ndiyo aliyopaswa kuichagua; ilikosea kwa upana wa mguu. Mchezaji wa Calgary aliyeandikiwa bao, Perry Berezan, alikuwa ameshaondoka uwanjani kwenda benchi kisahani kilipoingia.

Mzee akazima, akaingiza kanda nyingine. Ilikuwa ya tarehe 31 Mei 1987, mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Philadelphia, Oilers 3–1. Wayne Gretzky, nahodha, anapokea kombe, analiinua, na mtu wa kwanza anayemkabidhi ni Smith, ambaye analibeba juu ya kichwa kuuzunguka uwanja uleule. Huko Calgary watu waliendelea kwa miaka kumpigia kelele "Piga!" kila alipogusa kisahani karibu na goli lake. Mwaka 1998 alikwenda kuchezea timu hiyohiyo ya Calgary, na msimu uliofuata wakamfanya nahodha.